Wapanda milima, taulo la pamba liacheni nyumbani

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na vijana wenzangu wa hapa Dodoma wanaopenda kutembea, maana nimeona watu wanapanda Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, na taulo la pamba limejaa nusu ya begi. Pamba inakunywa maji na kuyang'ang'ania, kule juu ukungu na baridi halikauki ng'o, kesho yake unabeba maji mgongoni na begi zima linanuka uvundo. Chukueni la maikrofaiba, lile la poliesta iliyochanganywa na nailoni, jepesi, ukilikamua vizuri linakauka chap, ila msilifue na dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi halafu halinyonyi tena. Na usijisugue, ligandamize tu mwilini. Saizi ya kati inatosha, lile kubwa la bichi la nini jamani? Kama hela hamna, kanga ya mama inafaa kabisa, mi niliibeba Kondoa tulipoenda kuona michoro ya miambani pale Kolo, nikaianika kichakani, tunamaliza kula ishakauka.

Msomaji wenu, Area C, Dodoma