Wauza viti, tuambieni hayo magurudumu ni ya sakafu gani

Mhariri, naomba nafasi nitoe la moyoni kuhusu vigurudumu vya viti vya ofisi, troli na makabati ya kusukuma, maana watu wanaharibu sakafu zao kila siku halafu lawama zote anabebeshwa fundi aliyeweka mbao, wakati mharibifu yuko chini ya kiti.

Kanuni yenyewe wala si ngumu jamani, sakafu ngumu inataka gurudumu laini na sakafu laini inataka gurudumu gumu. Yaani kwenye mbao, lamineti (zile mbao bandia za kiwandani), vinili (sakafu ya plastiki) au tailizi weka la raba au la poliyurethani, plastiki laini inayofanana na raba, kwenye zulia nene weka la nailoni, yaani plastiki ngumu, kwa sababu laini likikanyaga zulia linazama na kusukuma kunakuwa kazi. Sasa viti kibao vinakuja na plastiki ngumu na muuzaji wala haulizi kwako chini kuna nini! Ulaya wana kiwango kinaitwa EN 12529 ambacho kinatenganisha aina mbili, H ni gumu la kwenye zulia na W ni laini la kwenye sakafu ngumu, na hilo la W linatakiwa liwe na rangi mbili, sehemu inayogusa chini rangi yake na katikati rangi nyingine. Kwa hiyo pindua kiti uangalie, ukikuta rangi moja tupu bonyeza kwa ukucha, likigoma kabisa hilo usiliweke juu ya mbao.

Ila msidhani laini zote ni sawa. Raba nyeusi juu ya vinili ni balaa, kuna kemikali kwenye raba zinahamia taratibu kwenye vinili na kuacha doa la njano au la kahawia, na hilo upige deki na sabuni yoyote ile halitoki kwa sababu limeshaingia ndani. Hapo mimi nasema poliyurethani, moja kwa moja. Halafu raba ikibeba mzigo mzito ikakaa palepale muda mrefu inabonyea upande mmoja, ukija kusukuma inadunda.

Na mchanga nao. Gurudumu laini linashika chembe za mchanga zinajikita kwenye raba, basi kila ukisogea unapiga mbao msasa, kwa hiyo fagia na uyafute magurudumu yenyewe, na ukiona nywele na nyuzi zimejizungusha kwenye ekseli, kile chuma cha katikati ya gurudumu, zikate kwa mkasi kwa sababu gurudumu lililokwama haliviringiki tena, linaburuzwa.

Kwenye mzigo watu wanakosea hesabu sana, kabati la kilo 120 lenye magurudumu 4 wanagawanya kwa 4, kumbe sakafu haiko sawa kila mahali na mara nyingi gurudumu moja linaning'inia, gawanya kwa 3, kila moja liweze kubeba kilo 40. Tailizi zenye mifereji mipana chukua lenye kipenyo kikubwa.

Ombi langu kwa wauzaji ni kuandika kwenye boksi gumu au laini, kipenyo, kilo linazobeba na unene wa ule mkia wa chuma unaochomekwa kwenye mguu wa kiti, maana vingi ni milimita 11 lakini vipo vya 10, na mtu akinunua kwa kukisia linapwaya au haliingii kabisa.