Mhariri, kuhamahama timu sio ugalasa

Mhariri,

Salaam, na poleni na kazi. Mi nawasoma kila siku kwenye simu huku Winnipeg, Kanada, nikitoka shifti ya usiku, na kurasa za michezo ndo naanza nazo, siasa baadae. Sasa juzi mchambuzi wenu kaandika kuhusu beki mmoja wa huko nyumbani eti kwa vile kashachezea timu sita basi ni galasa, angekuwa mzuri asingeachwa na timu zote hizo. Nikasema hii lazima nijibu, ila mfano wangu unatoka mbali kidogo, kwenye hoki ya barafuni, mnivumilie.

Ukikaa huku usipoijua hoki huna cha kuongea na mtu kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne. Mwanzoni mi nilikua naona watu wanabamizana kwenye kioo tu, wenzangu kazini ndo wakanifundisha taratibu. Timu ya hapa, Jets, ilikuja 2011 ikitokea Atlanta, yani klabu nzima ilihamishwa mji na wachezaji wake kama mtu anavyohamisha duka, na kwenye huo msafara alikuwemo beki Mmarekani anaitwa Ron Hainsey. Sikumbuki kuona mtu mtaani kavaa jezi yake. Hafungi sana, hapigani, kazi yake ni kuziba njia, kujitupa mbele ya mashuti, na timu ikiwa pungufu mtu mmoja kwa adhabu ya dakika 2 yeye ndo anaingia kukaba mpaka muda uishe.

Sasa muangalie njia aliyopita. Mwaka 2000 Montreal walimchagua namba 13 kwenye ule mchujo ambao timu zinachagua vijana kwa zamu, nafasi ya juu sana hiyo, lakini wakamchezesha mechi chache tu, muda mwingi alikua timu ya chini kule Hamilton. Mwaka 2005 wakaweka jina lake kwenye ile orodha ambayo timu ikikuchoka inakutangaza na yeyote akikutaka anakubeba bure, Columbus wakambeba. 2008 akaenda Atlanta kwa mkataba wa miaka mitano, dola milioni 22 na nusu, nawauliza nani anamlipa galasa hela hiyo? Ulipoisha 2013 akakaa kiangazi kizima hana timu, mpaka mwezi wa tisa Carolina wakampa mkataba wa mwaka mmoja. Akabaki pale mpaka 2017.

Na hapo ndo pana ishu yenyewe. Ligi yao, NHL, wakati ule kila msimu timu 16 kati ya 30 zilikua zinaingia mtoano, zaidi ya nusu, yani unaweza ukaingia hata kwa bahati. Yeye kacheza mechi 907 za ligi bila kugusa mechi hata moja ya mtoano, mpaka wakati ule hakuna mchezaji mwingine aliyekuwa amewahi kusubiri hivyo. Kwetu tungesema ana gundu na tungemtafutia mganga. Columbus wameingia mtoano 2009, yeye kaondoka 2008. Jets wameingia 2015, yeye kaondoka 2013. Carolina nao 2019, kashaondoka zamani!

Mwezi wa pili 2017 Pittsburgh wakamchukua kutoka Carolina, ana miaka karibu 36. Hata hapa kazini watu walicheka, wanasema mzee wa akiba huyo. Kumbe beki wao tegemeo, Kris Letang, akaumia shingo akafanyiwa operesheni, basi yule wa akiba akajikuta anapangwa safu ya kwanza pamoja na Brian Dumoulin, zaidi ya dakika 20 kila mechi. Mechi yake ya kwanza ya mtoano ilikua dhidi ya nani? Columbus haohao. Akacheza mechi zote 25, wakapita Columbus, Washington, Ottawa, na tarehe 11 Juni wakamaliza kazi Nashville, wamechukua Stanley Cup, kombe la ubingwa wa ligi.

Kule kuna desturi kwamba nahodha akishainua kombe anachagua wa kumkabidhi kwanza, na watu wote wanaangalia ni nani. Sidney Crosby, staa mkubwa kuliko wote pale, alizunguka na lile dude la kilo 15 na ushee akampa Hainsey. Mi nilikua kantini, mzee mmoja wa hapa aliyekuwaga anamtukana kila wiki enzi za Jets alivua kofia akanyamaza.

Na hakustaafu pale, akaenda Toronto, akamalizia Ottawa 2020, jumla mechi 1,132. Wale waliochaguliwa juu yake mwaka 2000 wengi hawakufika huko hata karibu.

Kwaiyo Mhariri, mwambie mchambuzi wako kama huyo beki wa nyumbani ana kosa, anachelewa kurudi, anakaba kwa macho, sijui nini, aandike ni mechi gani na dakika ya ngapi, hiyo nitaisoma mpaka mwisho hata kama ni timu yangu. Ila kuhesabu jezi alizovaa hata mama ntilie anaweza.

Msomaji wenu,
Winnipeg, Kanada