Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Matokeo ya utafiti wa vijana balehe yarudishwe kwenye kata

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakuandikia kutoka Urambo, mkoani Tabora, ninakofundisha sekondari na kusimamia unasihi. Nina ombi moja. Mtafiti wa afya ya vijana balehe anapofikiriwa kupandishwa cheo au kupewa tuzo, makala zake zisihesabiwe mpaka ithibitike kwamba matokeo yamerudishwa, kwa Kiswahili, kwenye kata alikochukua takwimu.

Sidharau hata kidogo makala kunukuliwa na watafiti wengine, jambo ambalo ndilo hutumika kumpima mtafiti. Marehemu Profesa George Patton wa Melbourne, aliyefariki mwaka 2022, aliongoza tume ya afya ya vijana balehe ya jarida la tiba la The Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2016. Kwa miaka mingi mipango ya afya ilimtazama mtoto mchanga na mama mjamzito, kijana aliye katikati akapitwa. Ripoti ile ilionyesha kuwa dunia ina vijana bilioni 1.8 wenye umri wa miaka 10 hadi 24, na kwamba fedha inayowekezwa kwao huzaa faida leo, katika utu uzima wao, na kwa watoto watakaowazaa. Imenukuliwa na wengi kwa haki kabisa, na hoja zake zimefika kwenye meza za wanaopanga bajeti.

Lakini tazama hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi wa Mema kwa Vijana, wa elimu ya afya ya uzazi na kinga ya VVU, katika jamii 20 za mkoa wa Mwanza, ukafuatilia vijana zaidi ya 9,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba uelewa wa vijana uliongezeka, ila maambukizi ya VVU hayakupungua. Watafiti waliyatoa kama yalivyo, na nawaheshimu kwa hilo. Kwangu mimi mwalimu, hakuna matokeo yenye faida kuliko hayo. Yananiambia kwamba nikimfundisha binti kujilinda, halafu nikawaacha wazazi wake na wanaume wazima wanaomhonga nauli na chipsi, nimefanya nusu ya kazi. Watafiti wa nchi nyingi wameyasoma hayo na kuyajadili. Katika semina za unasihi nilizohudhuria, sijasikia hata mara moja yakitajwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wenye miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba ya kwanza, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Takwimu hiyo inaonekana katika utangulizi wa makala nyingi. Na tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu wanaojifungua kurudi shuleni (uamuzi nilioufurahia sana), wapo mabinti wanaonyonyesha na kusoma. Hao nao huhojiwa. Wanaulizwa nani aliwapa mimba, kama walilazimishwa, kama waliwahi kufikiria kujiua. Wanasaini fomu ya ridhaa, wanalia, dodoso linafungwa, gari linaondoka.

Wanaompima mtafiti kwa kunukuliwa hutumia kipimo cha h, kilichobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Kinasema hivi: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Ni rahisi kukokotoa, ndiyo maana kinapendwa. Ila kinahesabu wanaoandika makala tu. Muuguzi wa zahanati aliyebadilisha saa za kliniki ili wanafunzi wasikutane na mama zao foleni hataandika makala, hivyo hahesabiki. Halafu anayeshiriki ripoti ya dunia yenye waandishi mamia atanukuliwa maelfu ya mara, huku aliyekaa msimu mzima akikusanya takwimu Kaliua, wilaya jirani yetu, akinukuliwa mara chache. Azimio la San Francisco la 2012, kuhusu namna ya kutathmini utafiti, lilishaonya kwamba ukubwa wa jarida usitumike kupima ubora wa makala moja moja, na tuzo za wizara yako zimekuwa zikienda kwa waliochapisha katika majarida makubwa.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, tayari hutaka nakala ya chapisho ipelekwe kwake na Wizara ya Afya. Njia hiyo irefushwe mpaka kwenye kata: kurasa mbili za Kiswahili, na kikao kimoja cha mtendaji wa kata, walimu, wahudumu wa zahanati, wazazi na vijana wenyewe. Kisiitishwe wakati wa kuchuma na kukausha tumbaku, maana wazazi wote wako kwenye mabani na mtaongea na viti. Fedha za kikao ziwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo. Mtendaji agonge muhuri, na muhuri huo uambatanishwe kwenye maombi ya cheo au tuzo.

Wakati wowote utakapotaka kulijaribu jambo hili kwenye kata moja kwanza, sisi wa Urambo tuko tayari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa unasihi, Urambo, Tabora