Dada, tusimgombeze Baba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, hata viatu sijavua. Nilitaka nilale kwanza nikashindwa, maana maneno yako ya jana bado yananizunguka kichwani: "Ameanguka tena, na mara hii hata mlango wa choo hajaufikia." Halafu ukaniambia Baba mdogo anadai ni ugonjwa unarudi, na kwamba wewe umemgombeza mzee kwa kutovaa miwani.

Naomba tusimgombeze. Ile picha ya karatasi ya hospitali uliyonitumia nimeikuza mpaka nikaisoma yote. Kloropromazini, ile dawa yake ya akili ya usiku, imepandishwa kutoka miligramu 100 hadi 200. Siku tisa baadaye akaanguka mara ya kwanza, na hii ya pili imefuata wiki hiyo hiyo. Miaka yote aliyokuwa kwenye dozi ya chini hajawahi kuanguka. Sisemi nimethibitisha, mimi si daktari, kazi yangu ni kuwaogesha wazee na kuwalaza. Ila katika nyumba hii ninayofanyia kazi, mzee akiongezewa dawa za akili, jambo la kwanza tunaloambiwa ni kumchunga asianguke.

Inakuwa hivi. Mtu akisimama, damu hushuka miguuni kwa uzito wake, na mishipa hujibana papo hapo kuirudisha juu. Kloropromazini huifanya mishipa ichelewe kujibana. Presha inaporomoka, ubongo unapungukiwa damu kwa sekunde chache, mtu anaona giza na magoti yanalegea. Akishalala sakafuni damu inarudi kichwani, anazinduka, anakwambia "nimeteleza tu." Si ndivyo alivyokwambia? Wala hakudanganyi, huenda hakumbuki zaidi ya hapo. Dawa nyingine za akili, kama kwetiapini na klozapini, nazo zina tabia hiyo. Sasa angalia tena karatasi: mwezi huo huo ameanzishiwa kidonge cha kushusha presha, na diazepamu ya usingizi bado ipo. Vitu vitatu, kila kimoja na daktari wake, na hakuna aliyeviweka vyote mezani kwa wakati mmoja. Hilo ndilo linaloniudhi.

La pili nimeliona kwenye video ya wajukuu wakicheza. Usiwatazame watoto, mtazame Baba nyuma yao anapovuka sebule. Mikono imeganda ubavuni, haichezi. Hatua ni fupi, nyayo zinaburuza sakafu, na akitaka kugeuka anageuka mwili mzima kama kabati linalosogezwa. Sisi tulisema ni uzee. Uzee umo, sikatai, lakini dawa hizi, haloperidoli ikiwa miongoni mwa zinazosifika kwa hilo, huzuia dopamini, kemikali ya ubongoni, na ubongo unaihitaji dopamini hiyo hiyo kuongoza mwendo. Mtu anatembea kama mgonjwa wa Parkinson na huku hana ugonjwa huo. Mguu usioinuka unakwama kwenye ukingo wa zulia, basi. Na triheksifenidili anayopewa kulegeza ule ukakamavu nayo ina yake: kwa umri wake inaweza kumtia ukungu machoni na kumchanganya. Hata angevaa miwani miwili!

Sasa, Dada, hapa nataka uwe mkali kuliko kawaida yako. Asiachishwe dawa. Najua Baba mdogo akisikia haya atasema basi tuvitupe hivyo vidonge. Mkumbushe mwaka ule Baba alipoacha mwenyewe, sauti zikarudi, akakaa siku nne bila kulala akibishana na ukuta. Na diazepamu, kwa mtu aliyeizoea hivyo, ikikatwa ghafla inaweza kuleta hata degedege. Kupunguza, kubadilisha au kugawa dozi ni uamuzi wa daktari. Sisi kazi yetu ni kumpelekea kitu cha kushika mkononi.

Chukua ile mashine ya presha. Asubuhi kabla hajatoka kitandani, alale chali dakika 5 ndipo umpime. Kisha asimame, mwanao akiwa amemshika, umpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ndiyo presha inayoanguka mtu akisimama. Akiona giza katikati ya kupima, mketisheni, msimlazimishe. Usiku wa kuamkia leo nilimpima bibi mmoja hapa: amelala 142 kwa 80, amesimama 108 kwa 66, na ananicheka kwamba hajisikii chochote. Kwa hiyo usimuulize Baba kama ana kizunguzungu ukaishia hapo. Andika namba, andika saa alizomeza dawa na saa alizoanguka, uende na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, hata vile vya dukani.

Wakati tunasubiri siku ya kliniki, zulia la ukumbini liondoke leo. Taa ya njia ya choo iwake usiku kucha, na kopo la mkojo liwe kando ya kitanda. Atakataa, mwambie nimelileta mimi. Akiamka aketi kwanza ukingoni, achezeshe nyayo juu chini, avute dakika moja au mbili ndipo ainuke. Zile ndala zilizokatika kisigino zichome moto. Akianguka tena akajigonga kichwa, au akilalamika nyonga na hawezi kukanyaga, msimsimamishe kwa nguvu. Ni hospitali moja kwa moja. Dawa hizi zikitumiwa miaka mingi zinaweza kudhoofisha mifupa pia, na ya kwake si ya kujaribia.

Nina jambo sijakwambia. Ile mara ya kwanza alianguka kwa sababu yangu. Nilipiga saa tatu usiku wa huko bila kufikiri kwamba ameshameza dawa. Simu ilikuwa mezani, upande wa pili wa chumba, naye akaruka kuipokea kwa sababu aliona jina langu. Nilisikia mshindo. Nikadhani ni simu imedondoka, nikakata, nikapanda basi kwenda kazini.

Kwa hiyo Jumamosi nitapiga mchana. Weka simu juu ya mto wake, ikishindikana basi iweke mbali kabisa uipokee wewe. Na kama mwenyewe anataka kuinuka aje nayo dirishani kwenye mtandao mzuri, mwache ainuke kwa mwendo wake. Iite mpaka ikatike, nitapiga tena. Sina haraka, siku hiyo siingii kazini.

Mdogo wako