Njia ya pwani ianze kufunguliwa malangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie njia za miguu za pwani, na hasa jambo moja ambalo huachwa nyuma kila mjadala huu unapoibuka. Tunapodai njia ya pwani, kwa kawaida tunadai urefu wake: kilomita ngapi zimepimwa, ngapi zimefyekwa, ngapi zimewekewa vibao. Kazi hiyo siidharau hata kidogo. Lakini njia inayofuata ufuo haimfai mtu asiyeweza kuifikia, na wengi wanaonyimwa matembezi ya pwani hawazuiwi wakiwa njiani, bali huzuiwa kabla hawajaanza, kwenye vichochoro vinavyotoka barabarani kuelekea baharini. Rai yangu ni kwamba fedha, sheria na macho ya wakaguzi vianzie hapo, kwenye malango.

Lango lililopotea lina dalili zake. Kwenye ramani ya mipango linaonekana kama ukanda mwembamba kati ya viwanja viwili, umepimwa na kuwekewa mawe ya mpaka. Ukifika mahali penyewe unakuta ukuta wa upande mmoja umesogea, michongoma ya upande wa pili imeachwa ikatanda hadi katikati, kibao kilichokuwa kikielekeza baharini kimeng'olewa na shimo la nguzo yake bado liko wazi, na mbele yako kuna geti lenye mnyororo na maandishi yanayosema hii ni mali binafsi. Hakuna mtu aliyewahi kutoa amri ya kuifunga njia hiyo. Imefungwa kidogo kidogo, kila hatua ikiwa ndogo mno kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kulalamika. Mgeni akiyasoma maandishi yale hugeuka na kurudi, kwa kuwa hana namna ya kujua kama yana nguvu ya kisheria. Mwenyeji naye huzoea kuzunguka mbali, na miaka ikipita hata watumishi wa ofisi ya ardhi husahau kwamba pale palikuwa na haki ya kupita.

Watu wengi hudhani sheria imekwisha kumaliza suala hili kwa kutamka kwamba ufuo ni wa umma. Kweli, nchi nyingi zimetamka hivyo kwa namna moja au nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa mfano, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tatizo ni kwamba ukanda huo ndio unaofunikwa na maji, na katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, hupanda hadi kugonga kuta za majengo yaliyosogea karibu. Mtu aliyeingia ufuoni maji yakiwa yamekupwa, na ambaye lango la karibu linalofuata limefungwa, anaweza kujikuta ana bahari upande mmoja na ukuta upande wa pili, huku nafasi ya kupita ikizidi kupungua. Kwa hiyo lango ni mahali pa kutokea kama lilivyo mahali pa kuingilia. Ndilo pia wanalolihitaji waokoaji wenye machela wanapoitwa kwa mtu aliyevunjika mguu mwambani, nao hawana muda wa kumtafuta mwenye ufunguo.

Zipo nchi zilizolitambua jambo hili na kuliandika kwa vipimo. Sheria ya pwani ya Hispania ya mwaka 1988 haikuishia kutenga ukanda wa mita 6 wa kupita kando ya ufuo. Iliagiza pia kwamba katika maeneo ya miji na yale yanayopangwa kuwa miji, njia za kuingilia kwa miguu zisiachane kwa zaidi ya mita 200, na zile za magari zisizidi mita 500. Ufaransa ilianza na haki ya kupita yenye upana wa mita 3 kando ya bahari, kwa sheria ya mwaka 1976, kisha miaka 10 baadaye ikaongeza haki ya kukatisha kutoka barabarani hadi ufuoni pale ambapo hakuna njia ya umma inayofika baharini ndani ya mita 500. Nyongeza hiyo ya pili ndiyo ninayoiona kuwa ya maana zaidi kwetu sisi watembeaji, kwa sababu inakiri kwamba haki ya kutembea kando ya maji bila haki ya kuyafikia ni haki nusu. Uzuri mwingine wa kipimo cha mita ni kwamba mwananchi yeyote anaweza kukihakiki kwa miguu yake mwenyewe. Agizo la kuwapo kwa “njia za kutosha” hakuna anayeweza kulihakiki.

Hata hivyo, kuandikwa kwa lango hakutoshi kama hakuna siku ya mwisho ya kulifungua. Huko Malibu, katika jimbo la California nchini Marekani, njia moja ya kuingilia ufuoni iliahidiwa kwa umma mwaka 1983 ili mwenye nyumba apate vibali vya ujenzi, lakini haikufunguliwa hadi mwaka 2005. Nyumba ilijengwa na ahadi ikabaki kwenye jalada. Katika jimbo hilohilo ilibidi isubiriwe hadi mwaka 2014 ndipo tume inayosimamia pwani ikapewa uwezo wa kuwatoza faini, bila kuanzia mahakamani, wale wanaozuia umma kufika ufuoni. Fundisho kwa mamlaka yoyote inayotoa vibali liko wazi: lango liwe limejengwa, limewekewa kibao na kukaguliwa kabla ya jengo kuruhusiwa kutumika. Mjenzi akishahamia, mamlaka haina tena cha kumbana nacho isipokuwa kesi, na kesi za ardhi hazina haraka.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la watu wenye ulemavu, kwa kuwa hao ndio wanaosahaulika hata pale ambapo geti liko wazi. Ngazi tatu za saruji mwishoni mwa kichochoro zinatosha kumrudisha mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, mzee anayetembelea mkongojo, na mzazi anayesukuma kigari cha mtoto. Kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda idai sentimita 12 za urefu, na pawe na sehemu tambarare za kupumzikia pale mteremko unapokuwa mrefu. Si kila genge, yaani ukingo wa ardhi ulioinuka wima juu ya bahari, linaweza kuchongwa mteremko huo, nakubali. Lakini katika kila kipande cha njia panaweza kuchaguliwa lango moja linalofaa, lisawazishwe, liwekewe sakafu ngumu au ya mbao hadi pale mchanga laini unapoanza, na habari zake ziandikwe wazi ili mtu ajue kabla hajatoka nyumbani. Kinachoumiza ni kusafiri hadi pwani, kisha kuzuiwa na kitu ambacho kibao kimoja kingekutahadharisha.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Wakazi wa kando ya njia huogopa takataka, kelele na wezi. Wapenda mazingira huhofia mayai ya kasa na ndege wanaotaga mchangani. Kwa maoni yangu hofu zote mbili hukuzwa na uchache wa malango: palipo na lango moja tu, umati wote na magari yake hubanana mahali pamoja, na wengine hujichongea njia zao juu ya matuta ya mchanga, wakikanyaga majani yanayoushikilia mchanga usipeperuke. Njia ya mbao iliyoinuliwa kidogo juu ya tuta huwaweka watu mahali pamoja panapojulikana. Msimu wa kutaga ukifika, kipande husika kifungwe kwa tarehe zilizobandikwa hadharani, na njia ya kuzungukia ioneshwe. Watembeaji wataheshimu katazo lenye sababu na lenye mwisho.

Pwani nayo haitulii. Mawimbi humega genge, na njia iliyochorwa leo ukingoni inaweza kuwa hewani baada ya masika machache. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2009, iliyoweka msingi wa njia inayoizunguka pwani ya England, iliruhusu njia kurudishwa nyuma kadiri ardhi inavyomomonyoka, bila kuanza upya mchakato wote wa kuipanga. Kifungu cha namna hiyo kihusishe pia malango, maana lango lililobaki juu ya genge lililoporomoka ni hatari kuliko geti lililofungwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninaloliomba kwa wenye mamlaka ni dogo kuliko mradi mpya wa ujenzi. Wachukue ramani zilizopo, watembee kutoka lango hadi lango, waliwekee kila moja namba, na waandike kama liko wazi, limebanwa, au limezibwa, na kwa jina la nani. Orodha hiyo itangazwe. Nakuomba wewe pia, itakapotoka, uichapishe yote katika gazeti lako, na usipoiona ndani ya muda wa kutosha, uwaulize wahusika kwa nini.

Ni mimi,
Mtembeaji wa pwani