Amonia ya kijani ni gesi ileile iliyo kwenye mtambo wako wa barafu

Mteja wetu mmoja, mwenye kiwanda cha barafu upande wa Likoni, alikuja karakanani na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa video ya meli inayochoma amonia badala ya dizeli. "Fundi," akaniambia, "gesi hii ninayo tangini mwaka wa kumi na moja huu. Stima ikipotea nawasha jenereta, dizeli inanimaliza. Mbona hukunambia kuwa hii yenyewe ni mafuta?"

Nilimwomba Mzee aketi, maana jibu lake si la kusimama. Tangu siku hiyo wameuliza na wengine, kwa hiyo naliandika hapa kila mmoja alisome kwa nafasi yake.

Tuanze na rangi. Amonia haina rangi. Iliyo kwenye kompresa yako, inayozunguka na kugandisha barafu, na hiyo inayoitwa ya kijani ni kitu kimoja: nitrojeni moja imeshikana na haidrojeni tatu. Ukijani ni wa njia ya kuipata. Nitrojeni si tatizo, imejaa hewani. Shida iko kwenye haidrojeni, ambayo leo karibu yote hutolewa kwenye gesi asilia au makaa ya mawe, na hewa ya ukaa hupaa kwa wingi. Dunia hutengeneza amonia tani milioni 180 hivi kwa mwaka, sehemu kubwa ikiishia kwenye mbolea. Ya kijani hupatikana kwa kupitisha umeme wa jua, upepo, maji au mvuke wa ardhini ndani ya maji mpaka haidrojeni na oksijeni zitengane. Baada ya hapo kazi ni ya zamani: haidrojeni na nitrojeni hubanwa pamoja kwa joto kali na presha kubwa juu ya kichocheo cha chuma. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba inawezekana, Carl Bosch akaigeuza kuwa kazi ya kiwanda, na mwaka 1913 mtambo wa Oppau, Ujerumani, ukaanza kuzalisha.

Kwa nini basi umeme ugeuzwe kuwa gesi yenye harufu kali namna hii? Kwa sababu ya kuhifadhi. Haidrojeni peke yake haiwi kimiminika mpaka uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Amonia hukubali kwa nyuzi 33 tu chini ya sifuri, au bila kuipoza kabisa, kwa presha kama ile iliyo kwenye tangi lako muda huu. Tena lita moja ya amonia iliyo kimiminika imebeba haidrojeni nyingi kuliko lita moja ya haidrojeni yenyewe iliyo kimiminika. Jambo hilo lilinishangaza nilipolipigia hesabu mara ya kwanza, na mpaka leo naona ndiyo siri ya gesi hii. Tangi lake laweza kukaa miezi, likavuka bahari, likafunguliwa mahali ambapo jua halijatoka wiki nzima.

Sasa hesabu ya Mzee. Kutengeneza kilo moja ya amonia ya kijani kunakula umeme uniti 10 hivi (kilowati-saa, zile za kwenye bili yako). Ndani ya kilo hiyo mna nishati ya uniti 5 na kidogo. Ukiichoma kwenye injini nzuri ili upate umeme tena, utarudishiwa kama uniti 2. Yaani umeingiza kumi, umetoa mbili. Uniti kumi hizohizo ukiziweka kwenye betri za lithiamu na kuzitoa usiku uleule, utapata nane au tisa. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia "sola ya amonia" kwa ajili ya taa na friji za usiku mmoja, usimlipe hata shilingi. Kazi ya usiku mmoja ni ya betri. Amonia ni ya miezi na ya safari ndefu, pale ambapo betri ingekuwa nzito na ghali kupita kiasi.

Na jenereta lake la dizeli? Halitakubali. Amonia inawaka kwa shida na moto wake hutembea polepole, kwa hiyo injini huhitaji mafuta mengine kidogo ya kuuanzisha. Ili upate nguvu ya lita moja ya dizeli unahitaji lita tatu hivi za amonia. Isipochomwa vizuri hutoa oksidi za nitrojeni, na mojawapo hupasha dunia joto zaidi ya mara 270 kuliko hewa ya ukaa. Na vile vipande vya shaba vilivyo kwenye jenereta la kawaida vitaliwa. Wateja wetu wa zamani wanajua kwa nini hatuachi bomba la shaba lisogelee mtambo wa amonia: ni chuma tupu. Niliwahi kuitwa mahali ambapo fundi mwingine alikuwa amefunga vali ya shaba nyeupe kwenye laini ya amonia, na wafanyakazi wawili walikuwa wamekaa nje wanakohoa. Wote walipona, alhamdulillahi, lakini siku ile sijaisahau.

Injini zinazoweza kazi hii zipo, ila zimetengenezwa kwa ajili yake. Machi 2024 meli ya Fortescue Green Pioneer ilijazwa amonia Singapore na kuitumia pamoja na dizeli katika majaribio. Agosti mwaka huohuo tagi ya Sakigake, yaani meli ndogo ya kuvuta meli kubwa, ilianza kazi Japani ikichoma amonia. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini limeweka lengo la kumaliza hewa chafu za meli karibu na mwaka 2050, na meli za masafa marefu haziwezi kuvuka bahari kwa betri. Sisi tunaoishi Mombasa tukiziangalia meli kila asubuhi tunapaswa kulifuatilia jambo hili kwa makini, na mapema. Amonia ikimwagika majini inaua samaki, na samaki ndio riziki ya karibu kila mteja wetu.

Lakini kwa maoni yangu Mkenya ataiona amonia ya kijani shambani kabla hajaiona bandarini. Mnakumbuka mwaka 2022, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000 mpaka serikali ikaingiza ruzuku. Mbolea ile ilikuja kwa meli, amonia yake imetengenezwa kwa gesi ya nchi za watu, na bei ya gesi ilipopanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, mkulima wa Trans Nzoia akalipa. Wakati huohuo Olkaria, kwenye vituo vya umeme wa mvuke wa ardhini, kuna mvuke ambao usiku, watu wakilala na matumizi yakishuka, huachiwa hewani. Umeme wa mvuke ule unaweza kutengeneza amonia ya mbolea. Mkakati wa haidrojeni ya kijani ambao Kenya iliuzindua Septemba 2023 uliiweka mbolea mbele, na karibu na Naivasha kampuni ya Talus imejenga mtambo mdogo wa umeme wa jua unaotengeneza amonia kwenye shamba la Kenya Nut. Mkulima akiweka amonia hiyo shambani, hakuna uniti inayopotea kwa kurudishwa kuwa umeme. Hapo ndipo hesabu inakaa sawa.

Wala si jambo geni Afrika. Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable kilitengeneza amonia kwa maji na umeme kuanzia miaka ya 1970, wakati umeme wa bwawa la Kariba ulikuwa mwingi na rahisi. Umeme ulipokuwa adimu na ghali, sehemu ile ikafungwa mwaka 2015. Mashine zilikuwa zinajulikana, mafundi walikuwapo. Kilichokosekana ni umeme wa ziada. Kwa hiyo mtu yeyote akikueleza mradi wa amonia ya kijani, muulize kwanza umeme utatoka wapi na uniti moja itagharimu kiasi gani. Asipokuwa na jibu, hana mradi.

Narudi kwa Mzee wa Likoni, kwa sababu hakuondoka mikono mitupu. Nilimwambia: hifadhi ya nishati unayo tayari, nayo ni barafu. Mtambo wa barafu ya bloku uliotunzwa vizuri hula uniti 50 hadi 70 kwa tani. Sola ikiendesha kompresa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, jua lile limegandishwa. Ukilifunika vizuri kwenye chumba chenye kuta nzito, saa kumi alfajiri wavuvi wakija unawauzia jua la jana. Amonia yako haikuchomwa hata tone. Inazunguka tu ndani ya mabomba, kama siku zote.

Kazi hiyo tunaifanya. Tunakuja kiwandani, tunapima mtambo unakula uniti ngapi kwa tani, tunaangalia kuta za chumba na mipira ya milango, halafu tunakuandikia ni paneli ngapi zitafaa na ni saa zipi uzime umeme wa laini. Njoo na bili za miezi 12, kwa sababu bili moja ya mwezi wa joto hutudanganya sote. Ziara hiyohiyo tunakagua uvujaji, barakoa za gesi, na bomba la maji la kuoshea macho. Kama bomba hilo halipo, tutalifunga kwanza kabla ya kuzungumza habari ya sola.