Mjomba, yule bwana wa kwenye farasi ulieniuliza

Shikamoo Mjomba. Natumai wote hapo Tanga hamjambo na bibi goti limeanza kupoa. Mi nipo, nadunda tu, baridi ya Atlanta imepungua na kazi ya usafi ya usiku bado naendelea nayo.

Haya, ile picha nlokutumia wasapu ukaniuliza "huyo jenerali gani umesimama nae", mi nlipiga kwa sababu ya kuba la dhahabu pale nyuma, ndo makao makuu ya jimbo la Georgia, nikitoka kazini alfajiri napita pale kwenda stesheni. Yule wa kwenye farasi, ni sanamu tu Mjomba, nlikuwa hata simjui. Ila ulivyouliza nikaona aibu, mtoto wa dada wa mwalimu wa historia anapiga picha na mtu asiemjua, basi nikakaa siku kadhaa nikamsoma.

Anaitwa John Brown Gordon, kazaliwa hukuhuku Georgia mwaka 1832, babake mchungaji na mwenye watumwa, yote mawili kwa pamoja. Chuo aliacha hajamaliza, akaja kusomea uanasheria hapa Atlanta, akamuoa Fanny Haralson 1854, lakini uwakili haukumlipa, wateja hakuna, akaishia kwenye biashara ya makaa ya mawe na babake huko milimani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza 1861, majimbo ya Kusini yenye watumwa dhidi ya Kaskazini, akakusanya wanaume wa milimani wakamfanya kapteni wao, wamevaa makofia ya ngozi ya rakuni (ni mnyama wa huku mdogo, usoni kama kavaa kinyago, anapekua mapipa ya taka kila usiku hapa ninapokaa). Jeshi hakusomea hata siku moja Mjomba, na alimaliza vita akiwa jenerali chini ya Lee, mkuu wa jeshi la Kusini.

Sasa sikia ya mapigano ya Sharpsburg, huko Maryland, tarehe 17 Septemba 1862. Kapigwa risasi mguuni, ikaja nyingine mguu uleule, ya tatu mkono wa kushoto, ya nne begani, na bado kasimama anawapanga watu wake, ya tano ikampata shavuni akaanguka kifudifudi uso umeingia ndani ya kofia yake. Mwenyewe kaandika uzeeni kwamba angezama kwenye damu yake mwenyewe humo ndani ya kofia, isipokuwa risasi nyingine ilikuwa imeshaitoboa damu ikapata pa kutokea. Fanny alipoletwa kumuona, jamaa uso umevimba hatambuliki, akamwambia mumeo mtanashati huyu hapa, nimetoka kwenye harusi ya Waairishi (enzi hizo walitania kuwa harusi zao zinaishia kwa ngumi)! Madaktari wakamwagiza Fanny ampake ayodini mkononi mara tatu nne kwa siku, Gordon anasema alimpaka mara mia tatu au mia nne. Hapo nlicheka peke yangu kwenye treni, nikamkumbuka bibi na vile viksi vyake.

Basi ukifika hapo unaanza kumpenda Mjomba, nakwambia ukweli, na ndo kilichoniudhi. Maana vita imeisha 1865, watumwa wako huru, kinachofuata ni huyuhuyu kutajwa na wanahistoria kuwa ndie alieongoza Ku Klux Klan Georgia, wale wa kuvamia watu weusi usiku majumbani wasiende kupiga kura. 1871 akaitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakili ni wakili tu bana, akasema kulikuwa na umoja wa siri wa kulinda familia na mali, wa amani kabisa, na hiyo Klan yeye haijui. Miaka miwili baadae ni seneta. Halafu gavana 1886 mpaka 1890, halafu seneta tena. Katikati hapo kaingiza hisa kwenye ile biashara ya kukodisha wafungwa, serikali inawatoa wafungwa, wengi wao weusi, matajiri wanawafanyisha kazi kwa bei ya bure. Yaani utumwa umetolewa mlango wa mbele ukarudishwa kwa uani. Georgia waliifuta mwaka 1908 tu, yeye keshafariki 1904, na sanamu keshapandishwa 1907.

2020 baadhi ya watu wa ukoo wake wenyewe walimwandikia gavana wakaomba ishushwe, lakini kuna sheria ya jimbo inalinda sanamu kama hizo, ipo mpaka leo. Na kuna kambi ya jeshi karibu na Augusta ilikuwa na jina lake tangu 1941, 2023 wakalifuta jina wakaiita Eisenhower, rais wa zamani, 2025 wakarudisha Gordon, ila wakasema huyu ni Gordon mwingine, komandoo aliekufa Mogadishu 1993. Nlisoma mara mbili nikidhani sijaelewa. Mogadishu! Jirani zetu hao, wamemalizia ugomvi wa Georgia bila hata kujua.

Zile hela za bati nimeshatuma, mwambie Juma akachukue kwa wakala asisubiri Ijumaa. Na picha ya sanamu ya Martin Luther King ulioiomba, kumbe ipo uwanja huohuo, waliiweka 2017, nlikuwa naipita upande wa pili sijui. Jumapili nipo ofu, ntaenda mchana kukiwa na mwanga nikupigie vizuri.

Mwanao,
wa Atlanta